Kitabu Kinachomfuata Mwenye Kiburi Hadi Kwenye Maombi Yake: Mapitio ya Vidato vya Unyenyekevu na Kiburi cha Bernardo wa Clairvaux

Vitabu vya Kikristo vinavyokemea kiburi ni vingi, na sehemu kubwa ya vitabu hivyo humlenga mtu ambaye hayumo miongoni mwa wasomaji wake: tajiri anayewadharau maskini, mtawala anayejifanya mungu, msomi anayeidhihaki imani ya wengine. Mcha Mungu huvisoma kwa raha, huafiki kila ukurasa, kisha huvifunga akiwa na hakika kwamba aliyesemwa ni mtu mwingine. Kitabu kidogo cha Bernardo wa Clairvaux kuhusu vidato, yaani hatua za ngazi, vya unyenyekevu na kiburi, kilichoandikwa kwa Kilatini katika nusu ya kwanza ya karne ya 12, hakimwachii msomaji mwanya huo. Kinamtafuta mwenye kiburi mahali ambapo waandishi wengi hawathubutu kuingia, yaani katika mfungo wake, katika maombi yake ya faragha, na hata katika toba yake. Kwa sababu hiyo nakitanguliza mbele ya vitabu vingine vyote vya aina yake nilivyovisoma, ingawa kina kurasa zinazochosha na sehemu moja ambayo haifai kusomwa bila tahadhari.

Bernardo alizaliwa mwaka 1090 karibu na mji wa Dijon nchini Ufaransa, akaingia monasteri ya Citeaux akiwa kijana pamoja na ndugu na marafiki wapatao 30, na mwaka 1115 akatumwa kuanzisha monasteri ya Clairvaux akiwa abati, yaani mkuu, wake wa kwanza. Kitabu chenyewe kilitokana na mafundisho aliyowapa wamonaki wake, yaani watawa wa kiume wa monasteri yake, na aliyemwomba ayaweke katika maandishi ni Godfrey, mmonaki mwenzake na jamaa yake. Mafundisho hayo yalihusu sura ya 7 ya Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, mwongozo wa maisha ya wamonaki ulioandikwa katika karne ya 6, ambamo Benedikto aliichukua ndoto ya Yakobo ya Mwanzo 28 na kuifanya kielelezo cha maisha ya mmonaki: malaika wanapanda na kushuka ngazini, na maana yake ni kwamba mtu hushuka kwa kujikweza na hupanda kwa kujinyenyekeza. Benedikto alihesabu vidato 12 vya unyenyekevu. Bernardo, kwa hiyo, aliombwa kueleza jambo ambalo wasikilizaji wake walikuwa wakilisikia likisomwa mara kwa mara, na hapo ndipo alipofanya uamuzi unaokipa kitabu hiki thamani yake yote.

Badala ya kueleza vidato 12 vya kupanda, alieleza vidato 12 vya kushuka. Sababu anayoitoa ni kwamba njia ni ile ile moja, na mtu anayetaka kupanda hana haja ya kutafuta njia ngeni, kwa kuwa akijua alishukia wapi atajua pia pa kurudia. Uamuzi huo unaweza kuonekana kama mbinu ya uandishi tu, lakini matokeo yake ni makubwa. Unyenyekevu ukielezwa moja kwa moja, msomaji hujaribu kuuvaa. Huinamisha kichwa, hupunguza sauti, hujifunza maneno ya kujishusha, na punde si punde anakuwa na jambo jipya la kujivunia. Kiburi kikielezwa kwa undani, hakuna cha kuvaa, na msomaji anabaki na kazi moja tu ya kujitambua.

Mpangilio wa ngazi hizo mbili unastahili kuangaliwa kwa makini, maana wengi wanaokisoma kitabu hiki harakaharaka hawauoni. Kidato cha kwanza cha unyenyekevu kwa Benedikto ni kumcha Mungu, na cha 12 ni unyenyekevu uliopenya hadi mwilini, ambapo mmonaki huenda akiwa ameinamisha kichwa na kutazama chini, huku moyoni akirudia maneno ya yule mtoza ushuru wa Luka 18. Bernardo anaigeuza ngazi hiyo. Kidato chake cha kwanza cha kiburi ni udadisi, yaani macho yanayozurura, na kinakabiliana moja kwa moja na yale macho yaliyoinama ya kidato cha 12 cha Benedikto. Kidato chake cha mwisho ni mazoea ya dhambi, ambako kile kicho cha Mungu ambacho Benedikto alianzia kimekwisha kabisa. Kati ya hapo vinafuatana wepesi wa moyo, furaha ya kipumbavu, majivuno, kutaka kuwa wa pekee, kujiona, kujitanguliza, kuzitetea dhambi, maungamo ya unafiki, uasi, na uhuru wa kutenda dhambi. Vidato sita vya kwanza, kwa hesabu yake, vinamdharau ndugu. Vinne vinavyofuata vinamdharau kiongozi. Viwili vya mwisho vinamdharau Mungu.

Kwamba kiburi kinaanzia machoni ni jambo ambalo kwa mara ya kwanza linashangaza, kwa kuwa udadisi tunauhesabu kuwa udhaifu mdogo, na wakati mwingine tunausifu. Bernardo hakatazi kuangalia. Anakubali kuinua macho kwa sababu mbili, ama kuomba msaada, kama mtunga zaburi anayeitazama milima, ama kuutoa, kama Yesu alivyoutazama umati wenye njaa. Anachokilaumu ni macho yanayotoka nje kwa sababu yamechoka kukaa nyumbani, ya mtu aliyeacha kuuangalia moyo wake na sasa anahitaji mwenendo wa wengine umshughulishe. Mtu huyo hawezi kuwatazama wenzake bila kujipima nao, na hapo ndipo kidato cha pili kinapomngoja: akimwona aliyemzidi anaona wivu, akimwona aliye chini yake anafurahi kwa dharau, na moyo wake unapanda na kushuka mara nyingi kwa siku bila yeye mwenyewe kutenda lolote, jema wala baya. Yeyote anayefungua mitandao ya kijamii asubuhi na kuifunga akiwa na uchungu asioweza kuueleza ataielewa sura hii bila kuhitaji maelezo ya ziada.

Sehemu bora kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile inayohusu kidato cha tano, cha mtu anayetaka kuwa wa pekee. Mmonaki huyu amekwisha kujisifu kwa maneno katika kidato cha nne, na sasa anaona aibu kama matendo yake hayatamtofautisha na wengine. Hataki hasa kuwa bora. Anataka aonekane kuwa bora. Mfungo mmoja anaoufunga peke yake, wakati wengine wanakula, unampendeza kuliko siku saba za kufunga pamoja na jumuiya nzima. Sala fupi aliyoibuni mwenyewe ni tamu kwake kuliko zaburi zote za usiku zinazoimbwa na wote. Wakati wa chakula macho yake yanazunguka mezani, na akimwona mwenzake amekula kidogo kuliko yeye anasikitika kana kwamba ameshindwa vita, na papo hapo anajinyima hata kile alichokuwa amekiona ni cha lazima, kwa kuwa anaogopa kupungukiwa na sifa kuliko anavyoogopa njaa. Akimwona aliyekonda zaidi yake, hana raha tena. Na kwa kuwa hawezi kuuona uso wake mwenyewe kama wengine wanavyouona, anaitazama mikono yake, anazipapasa mbavu, anayashika mabega na kiuno, ili akadirie kama wembamba wake unatosha kumpa mtazamaji picha ya mtu wa Mungu.

Bernardo haishii hapo. Mtu huyu, anasema, hukesha kitandani na kusinzia kwenye kwaya. Wenzake wakiimba sala za usiku yeye amelala amesimama. Wakienda kupumzika, yeye peke yake anabaki kanisani, na kutoka kwenye kona anakohoa, anasafisha koo, anaugua na kuvuta pumzi kwa nguvu, mpaka walioketi nje wasikie. Nimesoma mahubiri mengi juu ya Farisayo aliyesali hekaluni, lakini sikumbuki mahali ambapo kosa lake limeonyeshwa kwa karibu namna hii, kwa sauti ya koo linalosafishwa gizani. Nguvu ya picha hii inatokana na ukweli kwamba hakuna hata tendo moja kati ya hayo lililo baya kwa lenyewe. Kufunga ni kwema, kukesha ni kwema, machozi ya maombi ni mema. Mahali pa kiburi ni katika hesabu inayofanyika kimyakimya pembeni ya tendo, na hesabu hiyo haionekani na yeyote isipokuwa Mungu na mwenyewe anayeifanya, kama anataka kuiona.

Benedikto, katika kidato kinachokabiliana na hiki, alisema mmonaki asifanye jambo lolote isipokuwa lile linaloagizwa na kanuni ya wote. Nilizoea kuuona ushauri huo kuwa mkavu, lakini baada ya kumsoma Bernardo unaeleweka: jambo la wote halimtofautishi mtu, na kwa hiyo linamwachia sababu moja tu ya kulifanya, nayo ni Mungu. Waumini wanaoona ibada ya kawaida haiwatoshi, wanaotafuta daima mkesha mrefu zaidi na mfungo mkali zaidi, wangefaidika sana kulisoma jambo hili bila haraka.

Vidato vya tatu na vya nne nitavipitia kwa ufupi. Cha tatu, furaha ya kipumbavu, kimewafanya baadhi ya wasomaji wadhani kwamba Bernardo anapiga vita kicheko. Anachokieleza ni mtu ambaye amechoka kuhuzunishwa na mema ya wengine na kwa hiyo ameamua kuangalia mawili tu, ubora wake na kasoro za wenzake, ili asikose sababu ya kufurahi. Kicheko chake ni cha kukimbia, na ndiyo maana hawezi kukizuia hata akijiziba mdomo. Cha nne kina mmonaki mwenye kiu ya wasikilizaji, anayejibu maswali asiyoulizwa na kuyakatiza maneno ya wengine, ambaye kengele ikilia kuashiria mwisho wa mazungumzo anaona muda ulikuwa mfupi mno, hata kama alizungumza yeye peke yake.

Kidato cha nane na cha tisa, kwa upande mwingine, ni vya kusomwa polepole, na ikiwezekana visomwe kabla ya kwenda kuungama au kabla ya kuomba radhi. Katika cha nane, anayezitetea dhambi zake ana mlolongo wa majibu: sikufanya, kama nilifanya, nilifanya vema, kama si vema, si vibaya sana, kama ni vibaya sana, sikukusudia ubaya, na kama hata hilo haliaminiki, basi nilishawishiwa na mtu mwingine. Mlolongo huu umeanzia Edeni, ambako Adamu alimtaja mwanamke na mwanamke akamtaja nyoka, na hatua zake zote zinasikika hadi leo katika vikao vya kanisa, katika ndoa, na katika barua za kuomba msamaha zilizoandikwa kwa uangalifu mkubwa ili zisikiri lolote.

Kidato cha tisa kinakwenda mbali zaidi, na hapa Bernardo anaonyesha ujuzi wa mchungaji aliyeishi na watu. Kuna mtu, anasema, anayejua kwamba kosa lake liko wazi mno na utetezi hautaaminika, hivyo anachagua njia ya werevu zaidi. Anainamisha kichwa, analia kama anaweza, anayakatiza maneno yake kwa kwikwi, na badala ya kupunguza kosa analikuza kupita kiasi. Anajituhumu mambo makubwa mno, mengine yasiyowezekana, mpaka msikilizaji aanze kutilia shaka hata lile alilokuwa na hakika nalo. Kwa njia hiyo anapata mara mbili: kosa linasahauliwa, na yeye anasifiwa kwa unyenyekevu. Utambuzi wa hali hii, kwa Bernardo, hauhitaji kipawa cha kusoma mioyo. Mpe mtu huyo karipio dogo au adhabu nyepesi, na utamwona akinung'unika, akikasirika na kutetemeka, kwa sababu alikuwa tayari kusema kwamba ni mwenye dhambi kuliko wote lakini hakuwa tayari kutendewa kama mwenye dhambi wa kawaida. Si bahati kwamba kidato cha Benedikto kinachokabiliana na hiki ni kile cha nne, kinachohusu kuvumilia mambo magumu na hata dhuluma kwa utulivu. Kipimo cha toba kiko kwenye uvumilivu, wala hakiko kwenye machozi, na sijui kitabu kingine kinacholisema hilo kwa uwazi namna hii.

Sasa niseme kuhusu upungufu wake. Kitabu kina sura 22, na zile 12 za vidato vya kiburi zinaanzia sura ya 10. Sura hiyo ya 10, iliyopaswa kuwa mlango wa nusu ya pili, ndiyo ndefu kuliko zote, kwa sababu Bernardo anatoka kwenye macho ya mmonaki, anapita kwa Dina wa Mwanzo 34 na kwa Hawa, kisha anaingia katika mjadala mrefu juu ya Lusifa: alitaka kiti cha namna gani, aliona nini kabla ya kuanguka, kwa nini hakuliona anguko lake lenyewe. Wanaopenda mijadala ya wanateolojia wa zama zile watafurahi. Wengine watapotea, na wako watakaokiweka kitabu chini hapo hapo, kurasa chache tu kabla ya sehemu zilizo bora. Ushauri wangu kwao ni kuziruka aya za Lusifa bila kusita na kuzirudia baadaye wakipenda.

Upungufu wa pili ni mzito zaidi. Vidato kuanzia cha saba hadi cha kumi vinapimwa kwa uhusiano wa mmonaki na abati wake: anayejitanguliza ni yule anayetoa maoni asiyoombwa, anayedhani abati amemwonea wivu au amedanganywa asipompa cheo, na anayeasi ni yule anayeipuuza wazi amri ya mkubwa wake. Ndani ya monasteri, ambako mtu ameweka nadhiri kwa hiari na abati mwenyewe yuko chini ya Kanuni ile ile, maneno haya yana mipaka inayoeleweka. Yakitolewa humo na kutiwa mdomoni mwa kiongozi wa kanisa asiyewajibika kwa yeyote, yanageuka kuwa fimbo: kila anayeuliza habari za matumizi ya sadaka ataambiwa yuko kwenye kidato cha saba, na kila anayekataa kunyanyaswa ataambiwa yuko kwenye cha kumi. Hilo si kosa la Bernardo peke yake, kwa kuwa mwenyewe baadaye alimwandikia Papa Eugenio wa Tatu, aliyewahi kuwa mmonaki wake, kumwonya juu ya hatari za cheo. Hata hivyo onyo hilo halimo katika kitabu hiki, na yeyote atakayekifundisha kwa kikundi anapaswa kuliongeza, akianza na Yohana 13, ambapo aliyejifunga kitambaa na kuosha miguu ni yule aliyekuwa na mamlaka yote.

Jambo jingine litakalowakwamisha wasomaji wa leo ni namna Bernardo anavyoueleza unyenyekevu wenyewe. Kwake ni fadhila ambayo mtu, kwa kujijua kwa ukweli kamili, anakuwa duni machoni pake mwenyewe. Mtu aliyelelewa kwa matusi, ambaye amekuwa duni machoni pake tangu utotoni kwa sababu waliomlea walimwambia hivyo, anaweza kuisoma sentensi hiyo na kudhani kwamba amekwisha kufika. Hapo ndipo zile sura tisa za kwanza, ambazo wengi huzipita ili wafike kwenye vidato, zinapokuwa za lazima. Zimejaa nukuu na zinaenda taratibu, lakini zinaliweka neno ukweli mahali pake. Kujijua kwa Bernardo hakumaanishi kuuamini uongo wa aliyekudharau. Kunamaanisha kujiona kama Mungu anavyokuona, na Paulo katika Warumi 12:3 anaomba jambo lilo hilo anapomtaka kila mtu awe na nia ya kiasi juu yake mwenyewe. Aliyejiona duni kwa sababu ya uongo hana unyenyekevu, ana jeraha, na dawa ya jeraha hilo ni tofauti.

Katika sura hizo Bernardo anataja hatua tatu za ukweli. Mtu huutafuta kwanza ndani yake mwenyewe, kisha ndani ya jirani, na mwishoni katika asili yake, kwa Mungu. Anaufungamanisha mpangilio huo na heri za Mathayo 5, ambapo wenye rehema wanatangulia kutajwa kabla ya wenye moyo safi, ili aonyeshe kwamba hakuna anayeruka kutoka kwenye kujichunguza hadi kumwona Mungu bila kupitia kwa jirani. Farisayo alishindwa hapo hapo. Alikuwa amesoma, kama mtunga Zaburi ya 116, kwamba wanadamu wote ni waongo, lakini mtunga zaburi alijihesabu humo, naye Farisayo akajitoa. Boriti iliyomo jichoni mwa anayemhukumu ndugu yake ni kiburi, kwa sababu kiburi ndicho kinachomzuia mtu asijione, na asiyejiona hawezi kumhurumia mwenye kosa linalofanana na lake. Bernardo anathubutu hata kusema kwamba Kristo mwenyewe, aliyekuwa na rehema tangu milele kwa asili yake ya Kimungu, alijifunza rehema kwa njia nyingine kwa kuteseka, akiyatafsiri hivyo maneno ya Waebrania 5:8. Hoja hii ilinigusa kuliko zote za nusu ya kwanza, maana inaondoa wazo kwamba unyenyekevu ni adhabu ya wadogo; ni njia ambayo Mwana wa Mungu aliichagua ili awe karibu nasi.

Wanaofahamu historia watauliza kama mwandishi mwenyewe aliyaishi haya aliyoyaeleza. Bernardo alikuwa mtu wa mabishano makali. Alimwandama Pierre Abélard, mwanateolojia wa wakati wake, mpaka mafundisho yake yakahukumiwa, na mwaka 1146 alihubiri Vita vya Msalaba huko Vézelay, vita vilivyoishia kwa kushindwa na vifo vingi. Sioni sababu ya kulificha hilo, na sioni pia kwamba linakiondolea kitabu mamlaka yake. Mwishoni mwa maandishi mwenyewe anaitarajia lawama ya Godfrey kwamba alimwomba vidato vya unyenyekevu na badala yake amepewa vya kiburi, na anajibu kwamba hangeweza kufundisha ila alichojifunza, na kwamba anajua kushuka kuliko kupanda. Ukisoma kidato cha tano na cha tisa unaona kwamba jibu hilo si adabu ya mwandishi tu; hakuna awezaye kuandika mambo yale kwa kuwatazama wengine peke yao.

Nani basi akinunue? Kwanza, wenye utumishi unaoonekana: wahubiri, waimbaji, viongozi wa vikundi vya maombi, na wote ambao watu huwashukuru baada ya ibada. Pili, waumini wa madhehebu yote, maana ingawa Bernardo ni mtakatifu na mwalimu wa Kanisa Katoliki, Martin Luther na John Calvin pia walimheshimu, na hakuna katika vidato hivi kinachomhusu Mkatoliki peke yake. Nisingempa mtu aliye katikati ya msongo wa moyo, anayejilaumu usiku na mchana, wala muumini mpya kabisa ambaye hajapata mtu wa kumwongoza. Nisingempa pia mtu anayekitaka ili amsomee mwenzake, kwa sababu kishawishi cha kuwapanga jirani zetu kwenye vidato ni kikubwa, na anayefanya hivyo tayari amesimama kwenye kidato cha kwanza, macho yake yakizurura.

Utaratibu ninaoupendekeza ni kuanza na sura ya 10 hadi ya 21, kurudi kwenye zile tisa za kwanza, kisha kusoma sura ya 22 polepole. Sura hiyo ya mwisho haitajwi sana, na ni hasara. Inamhusu mtu aliyefika chini kabisa, ambaye maneno ya 1 Yohana 5:16 yanaonekana kuzuia hata kumwombea, na Bernardo anawageukia Martha na Mariamu mbele ya kaburi la Lazaro. Hawakuthubutu kuomba waziwazi kwamba ndugu yao afufuliwe. Walisema tu kwamba Bwana angalikuwapo asingalikufa, wakaiacha haja yao ndani ya machozi, na ikasikiwa. Mzazi au mchungaji ambaye hajui tena amwombeeje mtu aliyepotea apewe sura hii hata kama hatasoma nyingine yoyote.

Katika kuchagua toleo, hakikisheni limebeba marekebisho ambayo Bernardo aliyaweka mwanzoni baada ya kitabu kuwa kimekwisha kunakiliwa na kuenea. Humo anakiri kwamba alinukuu vibaya maneno ya Marko 13:32, akaongeza neno ambalo Injili haina na kujenga hoja juu yake, na kwamba kuhusu maserafi aliandika jambo ambalo hakuwahi kulisikia wala kulisoma popote. Hajitetei, halikuzi kosa, wala halii. Anasema kosa ni lipi, anaonyesha liko wapi, kisha anaendelea. Ukurasa huo umeachwa katika baadhi ya matoleo kwa kuonekana ni jambo la wataalamu tu. Toleo lisilo nao nisingelinunua.